Kijiwe Kilicho Chini ya Mbavu za Farasi

Msomaji wa Nanyuki ameuliza kuhusu farasi wake. Huko porini Laikipia hupita kando ya pundamilia bila wasiwasi, lakini kware wakipaa ghafla kichakani, anaruka pembeni na kutaka kwenda shoti. Je, ni mkaidi?

Hapana. Farasi ni windo. Silaha yake ni mbio, kwa hiyo hukimbia kwanza, akachunguza baadaye. Hilo wafugaji wanalijua. La kustaajabisha limejificha upande wa kushoto wa tumbo lake: bandama.

Bandama la farasi ni kijiwe cha bodaboda. Anapokula majani kwa utulivu, theluthi moja hivi ya chembe nyekundu za damu imeegeshwa humo, ikingoja kazi. Abiria wake ni oksijeni. Kware wanapopaa, neva na adrenalini hupiga honi, kuta za bandama zenye misuli hujikaza, na kijiwe humwagika barabarani. Kila pikipiki hupita mapafuni kupakia, kisha hushusha abiria kwenye misuli ya mapaja. Barabara inajaa: chembe nyekundu, ambazo kwa kawaida ni karibu asilimia 40 ya ujazo wa damu, huongezeka, na farasi akikimbia kwa nguvu zote hupita asilimia 60. Kipimo hicho huitwa hematokriti. Damu inakuwa nzito, na moyo uliokuwa ukipiga kama mara 35 kwa dakika unaweza kupita 200. Hatari ikiisha, pikipiki hurudi kijiweni polepole kuliko zilivyotoka.

Ndiyo maana daktari wa mifugo hapendi kumtoa farasi aliyeshtuka damu ya kupima. Hata mwenye upungufu wa damu anaweza kuonekana mzima.

Lakini honi haipigwi na kware peke yao. Mwaka 2009 mtafiti Linda Keeling na wenzake wa Sweden walichapisha jaribio ambamo watu waliwaongoza au kuwapanda farasi katika njia moja mara nne. Kabla ya mara ya nne, watu hao waliambiwa kwamba mwavuli ungefunguliwa ghafla. Haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pamoja nayo.

Utulivu nao huambukiza. Nchini Denmark, Janne Winther Christensen na wenzake walionyesha kwamba farasi vijana hupungukiwa na hofu ya kitu kigeni wakiwa na mwenzao aliyekwisha kukizoea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tanguliza farasi mzoefu. Wako akishtuka, usimchape wala usimvute hatamu kwa nguvu. Shusha pumzi, mwache akitazame kichaka, kisha mwendeshe kwa hatua za kawaida kitambo kirefu kabla ya kumruhusu kukimbia tena.