Kodi ya Hamburg Ina Mkia

Kijana akipata nyumba hapa Hamburg hunipigia simu huku anacheka: "Shangazi, nimepata ya euro 520!" Namuuliza: 520 ya baridi au ya joto? Kimya.

Mikataba ya Ujerumani hutaja Kaltmiete, yaani kodi ya kuta na paa peke yake. Juu yake huja maji, taka, usafi wa ngazi, bima ya jengo, kodi ya jengo inayokwenda manispaa, na hita. Jumla yake ni Warmmiete, na hiyo ndiyo itakayotoka benki kila mwezi. Umeme kwa kawaida haumo. Huo unatafuta kampuni mwenyewe. Usipotafuta, utahudumiwa na kampuni kuu ya eneo lako, mara nyingi kwa bei ya juu.

Panapouma ni hapa: ile nyongeza ya kila mwezi ni makisio tu. Tuseme ni euro 180. Umetanguliza pesa, hujamaliza kulipa. Mwaka ukiisha, mwenye nyumba anapiga hesabu ya kilichotumika kweli, kisha bahasha inaingia: ama unarudishiwa, ama unadaiwa. Wapo wanaoandika makisio madogo makusudi ili nyumba ionekane rahisi. Kwa hiyo kabla ya kusaini, omba kuona hesabu ya mwaka uliopita ya nyumba hiyohiyo. Akikataa kukuonyesha, mimi ningeendelea kutafuta.

Hesabu hiyo lazima ikufikie ndani ya miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Akichelewa kwa uzembe wake, hawezi tena kukudai nyongeza, ila kama wewe ndiye unayedai, bado atakulipa. Nawe una miezi 12 ya kupinga, na haki ya kuona risiti. Matengenezo na gharama za ofisi yake hayakuhusu; ukiyaona kwenye orodha, nenda chama cha wapangaji, Mieterverein, na karatasi zako zote.

Wengi hushangaa kudaiwa joto ilhali hita walizima. Katika majengo mengi, asilimia 50 hadi 70 ya gharama hugawanywa kwa matumizi, na kile kidude cheupe kilichobandikwa kwenye hita ndicho kinachoyapima. Sehemu iliyobaki hugawanywa kwa ukubwa wa nyumba, uwashe usiwashe.

Ile koki yenye namba 1 hadi 5 nayo ina mambo yake. Watu huingia wakitetemeka, wakaizungusha hadi 5 wakidhani chumba kitapata moto upesi. Hakipati. Namba inaiambia hita isimame kwenye joto gani: 3 ni kama nyuzi 20, 5 ni kama 28. Chumba kinapanda kwa mwendo uleule, ila kwenye 5 hakisimami mapema, na kidude kinahesabu. Dirisha nalo, badala ya kuliacha limeinama kutwa nzima, funga koki, lifungue wazi dakika chache, kisha lifunge.

Kuna barua nyingine itakayokuja, nayo haimhusu mwenye nyumba: ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Hiyo hulipwa kwa nyumba, si kwa kichwa. Mkiishi wanne, mmoja ajiandikishe, watatu wajibu barua zao kwa kutaja namba yake.