Video ya ukuta, na mupasuko wenye ulipotea

Bandugu ba mugodi, na bamama wenye kubaki ku nyumba: leo haiko juu ya mushahara. Iko juu ya video zenye tunatumiana mu telefone kila siku, sababu video njo ilituangusha mbele ya wakubwa.

Ilikuwa wakati wa vumbi, mwezi wa munane. Kijana mumoja wa ekipe yetu aliona mupasuko mu ukuta wa karieri, juu ya barabara ya makamyo. Akatoa telefone, akafilme, akanitumia ku WhatsApp: «Papa delege, angalia.» Mwingine akaiweka ku status. Mwingine akaitosha pale, akaipeleka ku Facebook. Siku ya kukutana na kampuni, ile ya Facebook njo tulionyesha ku televizyo kubwa. Ilikuwa rangi ya udongo tu, sawa vile bukari yenye haijaiva. Wakasema: «Hatuone mupasuko.» Na kweli, sisi wenyewe hatukuuona. Kijana alikuwa amefuta video yake ya kwanza, sababu telefone ilijaa.

Tuliomba wakuje kuona na macho. Walikuja kisha siku 7, na siku ileile barabara ikafungwa. Siku 7 makamyo yalipita chini ya ule ukuta, na ndani ya kila kamyo mulikuwa baba ya mutu.

Nani alikula mupasuko?

Nilitafuta kuelewa. Video haiko kitu yenye kutembea. Iko picha zenye kusimama, zinapita mbio mbele ya macho, 25 ao 30 kila segonda. Mu telefone za sasa, picha moja mara mingi iko na tualama 1.920 kwa upana na 1.080 kwa urefu: zaidi ya milioni 2. Tule tualama tunaitwa pikseli, na kila moja inaomba namba 3 za rangi. Piga hesabu: picha moja, mega 6. Segonda moja ya picha 25, mega 150 na zaidi. Dakika moja, giga 9. Forfe gani itabeba ile?

Njo maana telefone inafupisha. Inatunza picha ya kwanza yote. Kwa picha yenye inafwata, inauliza tu: nini imebadilika?

Waza treni yenye kupita pa gare ya Lubudi. Umesimama, unafilme. Gare haitembei. Wagoni haibadilishe sura, inasogea tu. Basi telefone inakata picha mu tukare, sawa kaye ya masomo ya batoto. Mara mingi kare moja iko pikseli 16 kwa 16. Kwa kila kare inatafuta mu picha yenye ilitangulia: ulikuwa wapi? Ikipata, haichore wagoni tena. Inaandika mushale tu: songa pikseli 12 kuume, 1 chini. Kisha inaongeza tofauti ndogo yenye inabakia kati ya picha yenye ilibashiri na picha ya kweli. Treni nzima inakuwa mishale.

Ile kazi ya kubashiri mwendo haiko ya jana. Ilikuwa tayari mu kawaida ya H.261, ya mwaka 1988. H.264 ya 2003 njo ingali mu telefone mingi mupaka leo. H.265 ya 2013 ilitengenezwa ili kupata uzuri ule ule kwa karibu nusu ya uzito.

Lakini vumbi haiko wagoni. Haina sura. Kila picha iko na vumbi yake mupya, na mushale haupate pa kushika. Mukono wenye kutetemeka unaongeza taabu. Hapo tofauti inakuwa kubwa, na WhatsApp imeipa video uzito kidogo tu. Basi mashine inatupa vitu vidogo vidogo: mustari mwembamba, namba ya kamyo, maandishi ya kibao. Mupasuko ni mustari mwembamba. Hakuna mutu alitudanganya; mashine inachunga kwanza kile jicho linaona mbio.

Na kila mara unaitosha mu programu moja na kuiweka mu ingine, inaweza kufupishwa tena, juu ya picha yenye imekwisha kuharibika. Ni fotokopi ya fotokopi ya atestasyo: mwisho stampu haisomeke.

Mutasema: lakini video ya Kivu ya Kusini, ya mwezi wa tatu 2023, tuliiona muzuri! Wachimbaji 9 walitoka mumoja mumoja mu udongo wa mugodi ya zahabu yenye ilianguka, mwenzao akichimbua. Ni kweli. Mutu mwenye kutoka mu udongo ni kitu kikubwa, hata video mubaya inamuonyesha. Mupasuko hauko vile.

Tufanye nini?

Uzima kwanza: usisimame chini ya ukuta ili kufilme.

Ngoja vumbi ishuke. Egemeza mukono, usizungushe telefone, shika segonda 15. Kama ukuta umetulia mu picha, mashine haipoteze uzito juu ya mwendo; inauweka mu vitu vidogo.

Piga na foto pia. Foto haibashiri mwendo, kila moja inasimama yenyewe. Sema kwa sauti tarehe, saa na fasi.

Ku WhatsApp, tuma video kama dokima. Inapita bila kuguswa, mupaka giga 2. Lakini inakula: dakika moja inaweza kupita mega 100. Kama mega hakuna, leta karte memwari ku mukono wa delege wako.

Na ile ya kwanza, usiifute. Bamama, hapa tunawaomba musaada: mara mingi telefone inajaa ku nyumba, na mutoto anafuta ili apate fasi ya muchezo. Muulize baba mbele ya kufuta. Kijana wetu sasa iko na karte memwari mu kibweta cha mama yake, na ameandika juu yake: «Ukuta».