Daraja Moja, Vinyongo Tofauti

Katika makundi ya WhatsApp ya walimu wa Tanzania hukosi tangazo la namna hii: mwalimu wa msingi, yuko Nkasi, anatafuta wa kubadilishana naye ili ahamie Moshi au Hai. Sababu: kumfuata mwenza.

Tatizo si mshahara; huo hauna ubaguzi wa kijinsia. Ngazi za mishahara ya walimu serikalini, TGTS, hupangwa kwa elimu na muda kazini, kwa hiyo mwalimu wa kike na wa kiume wa daraja moja hulipwa sawa. Kinachowatenganisha ni yale yanayouzunguka mshahara huo.

Anza na kituo cha kazi. Shule ya kijijini ikikosa nyumba za walimu, mwanamume hupanga chumba popote, akijaliwa hununua pikipiki. Mwanamke anayeishi peke yake huuliza kwanza kama mlango unafungika na choo kiko umbali gani. Halafu kuna zamu. Mwalimu wa zamu hutakiwa kuwatangulia wanafunzi, asimamie usafi na mstari. Mwenye mtoto mchanga huwa ameshaamka tangu saa kumi usiku. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 (baba anapata 3), na akirudi anaruhusiwa hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Saa hizo nani atamshikia darasa lililofurika tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016?

Wanaume nao wana lao, na kwa kawaida ni pesa na heshima. Mwanamume anayefundisha darasa la kwanza huulizwa hata na ndugu zake lini atapata "kazi".

Hata hivyo, ukiwauliza walimu kwa dodoso kama wameridhika na kazi, majibu yanaweza kudanganya. Mwaka 1997 mchumi Andrew Clark alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi wa Uingereza: wanawake, ingawa walilipwa kidogo, walisema wameridhika zaidi kuliko wanaume. Alieleza kuwa walitarajia machache. Kwa vijana na wenye elimu ya juu, pengo hilo lilitoweka. Afisa elimu anayefurahi kuona walimu wake wa kike "wameridhika" angefaa kulikumbuka hilo.

Kiti cha mwalimu mkuu kina posho ya madaraka, na bado wanaume ndio wengi wanaokikalia. Wapo wanawake wanaokikataa kwa sababu uteuzi mara nyingi huja na uhamisho, mbali na watoto na mume. Ofisini huandikwa kwamba hawataki uongozi.