"Tumekubali, Lakini..."

Kaniama, kwenye reli inayopanda kutoka Kamina kuelekea Kananga, ni nchi ya mahindi. Huko ndiko kituo cha Kaniama-Kasese cha Service National (Huduma ya Taifa) kinakolima mahindi ya bukari. Tuseme mfanyabiashara wa mjini anamwandikia muuzaji wa Lusaka: anataka tani 30 za mbolea, malipo mzigo ukifika. Jibu linakuja: "Tumekubali. Malipo kabla ya kupakia."

Mkataba upo? Bado.

Zambia imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya bidhaa kati ya nchi na nchi, uliotiwa saini Vienna mwaka 1980. Zambia imefungwa nao tangu ulipoanza kutumika, tarehe 1 Januari 1988; Kongo-Kinshasa, iliko Kaniama, haijajiunga, kwani iliyofungwa tangu tarehe 1 Julai 2015 ni Kongo-Brazzaville. (Kenya na Tanzania nazo hazijajiunga, kwa hiyo anayenunua Mbeya, kama wa Kaniama, hana budi kuuliza kwanza sheria ya nchi gani itatumika.) Sheria ya Zambia ikitumika, na wafanyabiashara wasipouweka mkataba huo kando, ndio unaowahukumu.

Kifungu cha 19 hakidanganyiki na neno "tumekubali". Jibu lenye nyongeza au badiliko ni kukataa, na papo hapo ni pendekezo jipya. Badiliko dogo tu ndilo linaloingia mkatabani, mradi aliyependekeza kwanza asilipinge bila kuchelewa. Hapo kunyamaza kuna gharama. Yanayohesabiwa makubwa ni hasa bei, malipo, ubora na kiasi, mahali na wakati wa kukabidhi mzigo, mipaka ya dhima, na namna ya kumaliza ugomvi. Hilo la mwisho wengi hulipita bila kulisoma, kumbe sentensi moja ya "mashauri yatasikilizwa Lusaka" ina uzito sawa na bei.

Hata hivyo orodha hiyo si ukuta. Tarehe 20 Machi 1997 Mahakama Kuu ya Austria iliamua kesi ya mbolea ya fosfeti ambamo maneno ya ubora hayakulingana. Ilisema desturi za biashara, mazungumzo ya awali au mazingira ya kesi yanaweza kulifanya dogo hata jambo lililotajwa humo, na kwamba badiliko linalomnufaisha tu aliyependekeza halihitaji akubali waziwazi. Ni tafsiri ya busara, ingawa inampa wakili nafasi ya kubishana.

Matendo nayo husema. Mahakama ya Hamm, Ujerumani, mwaka 1992 ilikuta muuzaji ametaja nyama ya nguruwe iliyofungashwa, mnunuzi amejibu akitaja isiyofungashwa, kisha akapokea shehena kadhaa. Alipotaka kukataa zilizobaki, alishindwa.

Ndivyo ilivyo kwa mnunuzi wa Kaniama: akituma pesa kabla ya kupakia, sharti la Lusaka amelikubali, hata kama barua yake ya kwanza ilisema vingine. Kama halitaki, aandike leo, pesa zikiwa bado mkononi.