Shayiri ya bia: Maabara yafupisha safari, soko bado lataka subira

Wanaofuatilia soko la nafaka wanajua kuwa shayiri ina bei mbili. Inayokubaliwa na viwanda vya kimea hulipwa zaidi. Inayokataliwa huishia kuwa chakula cha mifugo. Tofauti hiyo huanzia kwenye mbegu, na kwa njia ya kawaida aina mpya huchukua kama miaka kumi kufika sokoni.

Muda mwingi huenda katika kusubiri. Baada ya kuchanganya aina mbili, mtaalamu hupanda vizazi vitano au sita mpaka mimea ifanane.

Mwaka 1970, Kasha na Kao wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walionyesha njia ya mkato. Shayiri ikichavushwa kwa jamaa yake wa porini, Hordeum bulbosum, kromosomu za huyo wa porini hupotea. Kiinitete kinachobaki na kromosomu 7 badala ya 14 hukuzwa katika chupa ya maabara. Dawa ya kolkisini huzirudisha kuwa 14, na mche huzaa mbegu zinazofanana katika kizazi kimoja. Wengine hukuza chavua changa kwa lengo hilo hilo.

Alama za vinasaba nazo huokoa muda. Kirusi cha mozaiki ya manjano hukaa udongoni, wala hakina dawa. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa Ujerumani wamekuwa na alama zilizo jirani na jeni ya ukinzani iitwayo rym4. Kipande cha jani hutosha kujua mche upi ubaki na upi utupwe, bila kungoja ugonjwa uingie shambani.

<b>Tahadhari kwa mnunuzi</b>

Faida ya kampuni ya mbegu ni dhahiri. Mfanyabiashara asikimbilie. Ubora wa kimea hutegemea jeni nyingi, mvua na mbolea. Protini ikizidi sana, au punje zisipoota vizuri, kiwanda hukataa mzigo hata kama aina ni mpya. Viwanda pia havibadili aina haraka: Uingereza bado inauza Maris Otter, aina ya miaka ya 1960, kwa bei ya juu.

Hata Narok, Kenya, ambako shayiri hulimwa kwa ajili ya bia, swali ni hilo hilo. Kabla ya kuweka fedha katika aina mpya, uliza kama kiwanda cha kimea kimeikubali, na uombe kuona mkataba.