SUMAKU, MAGOTI NA LAKI TATU ZA SHANGAZI

Jijini Dar siku hizi maumivu ya viungo yana tiba kila kona: bangili, soli za viatu, mikeka ya umeme. Je, sumaku inatibu kweli, au tunalipia matumaini? Mhariri wetu alimfuata shangazi yake mpaka kwenye mkeka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Usinishike mkono, nishike bega."

Hivyo ndivyo nilivyojua kuna tatizo. Ilikuwa Juni 2022, nimekwenda kumsalimia Tandika, wilayani Temeke, na mwanamke aliyenifundisha kupika vitumbua alikuwa hawezi hata kupeana mkono. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye vifundo kama tangawizi. Nikamuuliza kama anatumia dawa. Akacheka kidogo, akasema, "Dawa nimeacha. Siku hizi naenda kwenye sumaku."

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize: nyumbani kwenu ni nani anayelalamika magoti, mgongo au vidole? Mama? Baba mkwe? Wewe mwenyewe? Basi usifunue ukurasa huu, kwa sababu yaliyomkuta shangazi yangu yanaweza kumkuta yeyote.

NUSU SAA KWENYE MKEKA

Wiki iliyofuata nilimsindikiza. Daladala mbili hadi Kinondoni, chumba cha juu katika jengo ambalo sina haja ya kulitaja. Feni, pazia safi, harufu ya udi. Dada mmoja wa makamo, koti jeupe, akamkaribisha shangazi kwa jina, akamuuliza kuhusu wajukuu, akamuuliza amelalaje, akamvua viatu kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akamlaza kwenye mkeka mzito wenye nyaya ndani, uliounganishwa na kiboksi chenye taa nyekundu. Nusu saa. Hakuna kuchomwa, hakuna kidonge, hakuna foleni.

Bei: shilingi 10,000 kwa mara moja, ukilipa mara 30 kwa mkupuo. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni laki tatu. Shangazi alikuwa amezitoa kwenye kibubu cha vitumbua.

Pembeni yake alilala jirani yake wa Tandika, mama mnene mwenye umri wa miaka 60 na ushee, ndiye aliyempeleka pale. Huyu alikuwa shahidi mzuri kweli kweli. "Mimi nilikuwa napanda ngazi kwa kutambaa," aliniambia. "Sasa hivi magoti yananiuma kidogo tu. Wewe msomi bisha, mimi napanda daladala."

Nikanyamaza. Ni kweli alikuwa amepanda daladala, na mimi nilimwona.

KWANI HIYO SUMAKU INAFANYA NINI?

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo wauzaji wanapenda kuvichanganya.

Kuna sumaku ya kawaida, kama ile inayobana mlango wa friji. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye bangili na soli za viatu. Halafu kuna mashine ya mawimbi ya sumaku ya umeme: umeme unapita kwenye nyaya zilizozungushwa, unawaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde, na sumaku inayotokea inabadilika badilika. Tangu mwaka 1831, Mwingereza Michael Faraday alipoonyesha jambo hilo, tunajua kwamba sumaku inayobadilika inazalisha umeme ndani ya waya. Mwilini nako inazalisha umeme mdogo sana, ambao mgonjwa kwa kawaida hausikii.

Na siyo uchawi wala utapeli mtupu. Marekani iliruhusu mashine za aina hii mwaka 1979 kwa ajili ya mifupa iliyovunjika na kukataa kuunga. Kuhusu viungo vilivyosagika, mwaka 2013 wataalamu wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti za tiba na kuzipima upya, walipitia tafiti 9 zenye wagonjwa 636. Walikuta kwamba waliotibiwa kwa mashine walipata nafuu ya maumivu kuwazidi waliolazwa kwenye mashine bandia, tofauti ya kama alama 15 katika 100. Ni nafuu, tena siyo ya kudharau. Lakini katika uwezo wa kutembea na kufanya kazi, na katika ubora wa maisha, hawakuona tofauti ya kueleweka.

Kwa hiyo jirani yetu wa Tandika hakuwa anaota. Inawezekana kabisa mkeka ulimpunguzia.

Bangili je? Hapo habari siyo nzuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitangaza mwaka 2013 matokeo ya wagonjwa 70 wa baridi yabisi. Kila mmoja alivaa kwa zamu bangili ya shaba, ya sumaku kali, ya sumaku hafifu na isiyo na sumaku kabisa, wiki tano tano. Hakuna iliyoshinda nyenzake kwa maana yoyote ya kitabibu. Ukiipenda kama urembo, vaa. Kama dawa, hela yako nunua samaki.

MVULANA NA MITI YA PARIS

Mapenzi ya watu na sumaku hayakuanza Kinondoni. Miaka ya 1780 jiji zima la Paris lilikuwa linamzungumzia daktari mmoja, Franz Mesmer, aliyedai kuponya kwa nguvu ya sumaku iliyomo kwenye viumbe. Watu wakubwa, hasa wanawake wa kitajiri, walikuwa wanazimia na kuamka wamepona. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa akaunda tume, na ndani yake alikuwemo Mmarekani Benjamin Franklin.

Tume ilifanya jaribio moja tamu sana. Mvulana wa miaka 12 alifungwa kitambaa machoni, akapelekwa kwenye bustani ambamo mti mmoja tu ulikuwa "umetiwa nguvu". Mti wa kwanza, akaanza kutokwa jasho. Wa nne, akazimia. Kumbe mti wenyewe ulikuwa mwingine kabisa, hata hajaufikia!

Hakuwa anadanganya. Imani yake ilimfanya mwili ukubali. Na sisi Watanzania tusicheke sana. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wako walioacha dawa zao za hospitali baada ya kukinywa. Mtu mwenye maumivu siyo mjinga. Amechoka tu.

BARIDI YABISI SIYO MOJA

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa naomba usome taratibu.

Mtaani kwetu kila kiungo kikiuma tunasema "baridi yabisi". Goti la bibi, vidole vya shangazi, dole gumba la mguu wa mjomba aliyekula nyama choma na bia Jumamosi: vyote baridi yabisi. Kumbe ni magonjwa tofauti.

La jirani yetu ni kusagika kwa viungo. Ile gegedu laini inayokaa katikati ya mifupa inalika kwa umri, uzito na kazi ngumu. Maumivu huzidi ukitumia kiungo na kupungua ukipumzika. Huo ni ugonjwa wa polepole, na kutuliza maumivu ni sehemu kubwa ya tiba.

La mjomba huenda ni jongo: asidi iitwayo yuriki imejaa kwenye damu na kugeuka chembe chembe kali ndani ya kiungo. Linakuja ghafla, usiku, unashindwa hata kuvumilia shuka.

La shangazi ndilo baridi yabisi lenyewe. Hapa kinga ya mwili, askari wetu wa ndani, inageuka na kushambulia viungo. Mara nyingi huanza na vifundo vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja. Asubuhi vidole vinakaza kwa nusu saa, saa nzima au zaidi, kisha vinalegea kadiri siku inavyokwenda. Linawapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Na likiachwa linatafuna mfupa. Ukishatafunwa, haurudi.

Unaona tatizo? Wanawake wawili, mkeka mmoja. Wa kwanza mkeka ulimpa nafuu na haukumgharimu kitu zaidi ya hela. Wa pili alipata nafuu kidogo huku moto ukiendelea kuwaka chini chini. Yule dada wa koti jeupe alikuwa amemwambia maneno haya: "Dawa za hospitali zinakuharibia figo, zipumzishe kwanza." Shangazi akazipumzisha. Vidonge vilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la Blue Band, kwa miezi saba.

TULIVYOMKOSEA

Ukweli ni kwamba kosa halikuwa la yule dada peke yake. Lilikuwa letu pia.

Binamu yangu aliposikia habari za laki tatu alipandisha. "Mama unaibiwa! Mama umerogwa?" Aliyasema mbele ya wajukuu. Shangazi hakujibu. Kuanzia siku hiyo akawa anaaga anakwenda kwenye kikundi cha akina mama, kumbe anakwenda Kinondoni. Tulimshinda kwa maneno, tukampoteza.

Nilipokaa naye siku ile kwenye daladala, nikamuuliza kwa nini hasa anapenda kwenda kule. Alifikiri mpaka tukafika Kariakoo. Kisha akasema, "Hospitali nilikaa toka alfajiri, nikaonwa dakika tatu. Nyinyi wanangu mnanitumia hela kwenye simu. Yule binti ananiuliza nimelalaje."

Bana, hapo nilitamani kushuka kituo kinachofuata.

Sikumkataza tena. Nilimwomba kitu kimoja tu: twende wote hospitali, mimi ndiye nitakayepanga foleni. Tulikwenda. Daktari kijana alimbana vifundo taratibu kimoja kimoja, akampima damu, akampiga picha ya mikono. Akatuonyesha kwenye picha sehemu ambapo mfupa ulikuwa umemeguka pembeni, kama mkate ulioliwa na panya. Vidole viwili vya mkono wa kulia, akasema, havitanyooka tena. Vilivyobaki vinaweza kuokolewa.

Akamwanzishia methotrexate, kidonge kinachotuliza kinga iliyochanganyikiwa, pamoja na vitamini ya foliki. Akasisitiza mara tatu: mara moja kwa WIKI, siyo kila siku, maana ukikosea kinaweza kuua. Damu ipimwe kila baada ya muda kuangalia ini, figo na chembe za damu. Na mwanamke anayetarajia kupata mimba asiguse bila kumwambia daktari.

Shangazi akauliza kwa aibu, "Na mkeka, daktari?"

Akatabasamu. "Mkeka hauna neno, mama. Kama unakupumzisha, lala. Lakini kidonge usikiache."

KABLA HUJALIPIA TIBA YA SUMAKU

Haya ndiyo niliyoondoka nayo, na ningependa uyakate uyabandike jikoni:

1. Jua ugonjwa kwanza. Uvimbe wa viungo uliozidi wiki chache, hasa wenye kukaza asubuhi, unahitaji daktari na vipimo. Kiungo kimoja kikivimba ghafla na kuwa cha moto pamoja na homa, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

2. Mwenye betri ya moyo au kifaa kingine cha umeme mwilini asilale kwenye mashine hizi bila ruhusa ya daktari. Mjamzito naye asubiri.

3. Anayekwambia uache dawa za hospitali, ondoka. Usibishane, chukua mkoba wako.

4. Uliza vibali. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake, na vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA. Mwenye kibali hakasiriki ukiuliza.

5. Jihadhari na "dawa ya asili" inayoondoa maumivu ndani ya siku moja. Mwaka 2022 mamlaka ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama virutubisho, kumbe ndani vilikuwa na diclofenac na dexamethasone bila kuandikwa.

6. Kwa magoti yaliyosagika, dawa kubwa ni ya bure: mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kupunguza uzito. Kwa mwenye tatizo hilo, kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Zidisha kwa hatua za kutoka nyumbani hadi kituoni.

7. Usimgombeze mzazi mbele za watu. Msindikize.

Shangazi alimaliza mara zake 30, hela ilikuwa imeshalipwa. Hakulipia nyingine. Jirani yake bado anakwenda mara moja moja, na mimi sina ugomvi naye.

Vitumbua vimerudi Tandika, lakini anavigeuza kwa mkono wa kushoto, na vya kwanza kwanza viliungua. Kila Jumatatu saa mbili usiku nampigia simu. Siulizi hela, siulizi habari za ndugu. Nauliza tu, "Shangazi, umelalaje jana?" Naye, kabla sijafika kwenye la pili, anajibu: "Vizuri. Na kidonge nimeshameza, mwanangu."

Wewe wa kwenu umempigia lini?