Jabali la Jua na Maji Yake

Sisi watu wa pwani tulilipokea neno jabali kutoka kwa Waarabu, na katika kulipokea tukalipunguza kimo. Kwani kwao jabali ni mlima mzima pamoja na vilele vyake, na kwetu, ambao milima iko mbali na fukwe zetu, limebaki kuwa jiwe kubwa tu lisilopinduka. Lakini mtu asimamaye chini ya Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote katika nchi ya Oman, huona kwamba maana hizo mbili zimekutana mahali pamoja: ni mlima, na ni mwamba mtupu tangu nyayo hadi utosi. Na safu ambayo mlima huo ndio kilele chake yaitwa al-Hajar, yaani Jiwe, neno lile lile alitamkalo kila Mwislamu anapolitaja Hajar al-Aswad, Jiwe Jeusi la Makka.

Shams ni jua, na husemwa kwamba mlima ulipewa jina hilo kwa kuwa ndio wa kwanza kupokea miale ya asubuhi. Kimo chake ni mita zipatazo 3,009, zaidi kidogo ya nusu ya kimo cha Kilimanjaro, na kilele chenyewe hakifikiwi na raia, maana kina kituo cha jeshi. Wapandao kwa miguu huishia kilele cha kusini, ambacho ni kifupi kwa mita chache tu. Ingekuwa ni shindano la urefu, mlima huu usingekuwa na la kusema. Lakini mimi nimeshika kalamu kwa ajili ya jambo ninaloliona kubwa kuliko urefu, nalo ni namna jiwe hili kavu lilivyokuwa mama wa maji ya nchi nzima, na namna maji hayo yalivyojenga miji na kuweka kanuni, hata yakatia maneno katika vinywa vyetu sisi tulio ng'ambo ya bahari.

Safu yenyewe huanza kaskazini katika rasi ya Musandam, penye Mlango wa Hormuz, ikapita ndani ya nchi ya Falme za Kiarabu, kisha ikapinda mfano wa upinde ikiifuata Ghuba ya Oman hadi karibu na Ras al-Hadd, mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Watu wa kale waliitazama kama mwili wa kiumbe kilicholala: nchi ya upande wa bahari wakaiita Batinah, kwa kuwa batn ni tumbo, na nchi ya upande wa jangwa wakaiita Dhahirah, kwa kuwa dhahr ni mgongo, na msomaji wa Kiswahili hawezi kuyasikia majina hayo asikumbuke batini na dhahiri za lugha yake mwenyewe. Katikati, mwili huo umekatwa na korongo la Samail, ambalo ndilo mlango wa bara. Humo ilipita misafara ya ngamia karne nyingi, na humo leo hupita barabara kuu itokayo Muscat kwenda Nizwa.

Ajabu ya kwanza ya jiwe hili ni kwamba lilizaliwa baharini. Chokaa iliyojenga Jabal Shams na jirani yake Jabal Akhdar ilitandazwa tabaka juu ya tabaka katika bahari ya kina kifupi, na hata sasa mchungaji wa mbuzi, akiwa mbali na pwani, huweza kuokota jiwe lenye umbo la kombe. Kisha, yapata miaka milioni 90 iliyopita, likatukia jambo ambalo ni nadra kuonekana wazi kama lionekanavyo hapa: kipande cha sakafu ya bahari kuu, pamoja na mawe mazito ya chini yake ambayo kwa kawaida hakuna jicho la binadamu liyaonalo, kikasukumwa na kupandishwa juu ya ukingo wa bara Arabu. Mawe hayo ya rangi ya kahawia iliyoungua yametanda mamia ya kilomita, na wanajiolojia husafiri kutoka pande zote za dunia ili watembee kwa miguu mahali ambapo kwingineko wangehitaji kuzamia na kuchimba. Ndani yake mna shaba, na shaba hiyo ndiyo iliyoifanya nchi hii, kwa jina la Magan, itajwe katika maandishi ya Wasumeri zaidi ya miaka elfu nne iliyopita.

Ubavuni mwa Jabal Shams ardhi imepasuka ghafula. Hilo ni korongo la Nakhr, ambalo kuta zake hushuka kadiri ya mita elfu moja; mtu huenda akitembea juu ya uwanda wa mawe usio na dalili yoyote ya hatari, kisha mbele ya mguu wake hakuna kitu ila hewa, na chini kabisa uzi mwembamba wa kijani, ambao akiukodolea macho hutambua kuwa ni mitende.

Mitende hiyo ndiyo mlango wa habari yetu. Muscat, iliyo chini ufukweni, hupata mvua kiasi cha milimita 100 tu kwa mwaka, ilhali uwanda wa Saiq, ulioko Jabal Akhdar kwenye mita zipatazo 2,000, hupata takriban mara tatu ya hizo, na wakati wa kipupwe baridi hushuka hadi maji yakaganda, hata theluji ikaanguka mara moja moja. Huko juu huota mizeituni ya mwituni na miti iliyo ndugu wa mitarakwa ya milima ya Kenya na Usambara. Ama mvua yenyewe, sehemu yake huporomoka makorongoni kwa mafuriko ya saa chache yanayozoa kila kilicho njiani, na sehemu nyingine huingia katika nyufa za chokaa, ikajificha gizani ambako jua halina mamlaka nayo, ikateremka polepole hadi chini ya mlima. Jiwe ambalo kwa nje hukuona hata tone, ndani yake ni mtungi.

Na watu wa Oman walijua kuutoboa mtungi huo. Mfereji wao huitwa falaji, na falaji kubwa ya chini ya ardhi huanza kwa kisima kiitwacho mama wa falaji, kilichochimbwa mahali palipoinuka hadi kuyafikia maji. Kutoka hapo huchimbwa handaki kuelekea kijijini kwa mteremko hafifu sana, ili maji yatembee yasikimbie, na kila baada ya hatua kadhaa hutobolewa shimo la wima la kupitishia hewa na kutolea udongo. Wazee husimulia kwamba Nabii Suleiman bin Daud ndiye aliyewaamuru majini wazichimbe, na ndiyo maana aina hiyo huitwa daudi. Mahali maji yanapochomoza kwenye mwanga huitwa sharia, na hapo sikosi kustaajabu, kwani neno tunalolitumia kwa hukumu na mahakama asili yake kwa Kiarabu ni njia ya kuyaendea maji.

Penye sharia maji ni ya kunywa, na kila mtu anayo haki, mwenyeji na mpita njia, tajiri na fakiri. Yakisogea mbele huoshea watu, huingia msikitini kwa udhu, na baada ya hapo ndipo yaingiapo mashamba, na hapo tena si ya kila mtu, bali hupimwa kwa wakati. Fungu la nusu saa huitwa athari; mtu huirithi, huiuza, huikodisha, au huifanya wakfu wa msikiti, na mafungu mengine hunadiwa ili fedha zake zitengeneze falaji ikibomoka. Mchana wakati ulipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, na usiku kwa nyota, moja baada ya moja, zinapochomoza juu ya ukingo wa mlima, na mwenye shamba aliyekuwa akisubiri gizani, jembe mkononi, aliiona nyota yake akaziba mlango wa jirani kwa jiwe na matambara, akaufungua wake. Falaji zipatazo 3,000 zingali zikitiririka, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika urithi wa dunia, mojawapo ikiwa Falaji Daris ya Nizwa.

Maji haya ndiyo yaliyopanda bustani za ngazi ubavuni mwa Jabal Akhdar, ambako komamanga zake zina sifa kupita zote za nchi hiyo. Tuliangalie neno hilo: komamanga, yaani koma la Manga, na Manga ndilo jina ambalo wazee wetu waliipa nchi ya Waarabu wa kule. Huko huko, tangu mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Mei, mawaridi huchumwa alfajiri kabla jua halijayakausha, yakatiwa katika chungu cha udongo juu ya tanuri la udongo. Ndani ya chungu huwekwa chombo kitupu, na juu hufunikwa kwa bakuli la shaba lenye maji baridi, na mvuke ukiigusa shaba hugeuka matone, ukadondoka tone kwa tone katika kile chombo. Maji ya waridi yapatikanayo hivyo yana rangi ya chai na harufu ya moshi kwa mbali, na huenda katika halua, kahawa, na mrashi wa kuwarashia wageni harusini, kama ifanywavyo Unguja na Mombasa hadi leo.

Lakini mtungi huweza kupungua. Ikija miaka ya ukame mfululizo, falaji zilikauka, mitende ikafa imesimama, na watu wa bara ya Oman wakashuka pwani, wengine wakapanda majahazi ya kaskazi wakaja Unguja na Pemba. Wajukuu wa baadhi yao walirudi baada ya mapinduzi ya Unguja ya 1964, na zaidi baada ya 1970, Oman ilipopata mtawala mpya, wakiwa na Kiswahili vinywani. Leo pampu za mashine huvuta maji ya Batinah upesi kuliko mlima unavyoyarudisha, na bahari imeingia chini kwa chini katika visima, ikayatia chumvi mashamba ya karibu na ufuo. Jambo hili lanisikitisha, kwa kuwa falaji haikuweza kuchukua zaidi ya kile mlima ulichotoa, na pampu haijui kiasi.

Chini kidogo ya ukingo wa korongo la Nakhr, kwenye njia nyembamba itokayo kijiji cha al-Khitaym, kuna magofu ya Sab Bani Khamis, kijiji kilichohamwa. Nyumba zake zilitumia mwamba ulioinama kuwa ndilo paa, na mbele yake ngazi za mashamba madogo, kila moja na ukuta wake wa mawe yaliyopangwa bila saruji, huteremka hadi mahali ambapo hakuna tena ardhi. Milango ni mifupi, na kuta za ndani zingali nyeusi kwa moshi wa mekoni. Mashamba hayalimwi. Juu ya nyumba, ndani ya ufa wa jabali, kuna bwawa dogo la maji.